Jibu kwa anayetaka kuhamisha 401(k) yake (akiba ya kustaafu ya kazini Marekani) kwenda kwenye dhahabu inayotangazwa redioni

Usisaini. Kama wameshakutumia ile karatasi ya kusaini kwa kidole kwenye simu, ifunge, kanywe maji, urudi hapa.

Mkuu, umeuliza mambo manne. Nani wa kumfuatilia kati ya wachambuzi wa kihafidhina wa Marekani, je wanayosema kuhusu deni la taifa ni kweli, wana maana gani wakisema shule zimetekwa, halafu chini kabisa, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, unatuambia umeamua dola 38,000 za 401(k) ya kazi yako ya zamani ziende kwenye dhahabu kwa sababu "mtangazaji ninayemwamini ametoa namba ya kupiga". Hayo matatu yatasubiri. Hilo la nne ndilo lililonitafuna mimi.

Naendesha trela, Houston kwenda popote mzigo unakotaka. Ukiwa barabara kuu ya I-40 saa nane usiku, Oklahoma nzima imelala, mwenzako ni redio. Na mimi sikuwa mgeni wa yale maneno ya kihafidhina. Nimelelewa Kilutheri kule Machame, na mzee wangu alikuwa akisema serikali ikikupa kwa mkono wa kulia, angalia wa kushoto uko kwenye mfuko wa nani. Nilipomsikia Mmarekani mwenye sauti nzito akisema yale yale kwa Kiingereza, nikajiona nimefika nyumbani. Miaka mitatu nilimsikiliza kila zamu. Nilimjua mbwa wake kwa jina.

Kiangazi cha 2021 deni la Marekani lilikuwa limepita trilioni 28, bei dukani zinapanda, na jamaa alikuwa akilieleza vizuri mno. Anaanza na Rais Nixon kukata kamba ya dola na dhahabu mwaka 1971, anakuja kwenye uchapishaji wa pesa, anamalizia kwa mjane mwenye akiba inayoyeyuka. Halafu, sikiliza hapa, bila kubadili sauti, bila muziki, bila hata kumeza mate, anasema: ndiyo maana mimi na familia yangu tunawaamini hawa watu wa dhahabu, piga namba hii. Dakika kumi za uchambuzi na dakika moja ya tangazo, na huoni mshono! Hapo ndipo ninapomlaumu mpaka leo. Tangazo la soda unalijua ni tangazo. Hili lilikuwa limevaa koti la hoja.

Nikapiga nikiwa kituo cha mafuta Amarillo. Akapokea kijana mpole, ananiita kaka, ananibariki kwa jina la Bwana. Nilikuwa na dola 52,000 za 401(k) kutoka ghala nililofanyia kazi miaka tisa kabla ya kununua trela. Nataka dhahabu, nikamwambia. Akasema dhahabu nzuri, lakini unajua Rais Roosevelt alifanya nini 1933? Kweli, aliamuru watu wasalimishe dhahabu zao, na kweli amri ile iliziacha sarafu adimu za wakusanyaji. Kwa hiyo, anasema, serikali ikirudia, "sarafu maalumu" ndizo zitakazosalimika. Ambacho hakuniambia ni kwamba mwaka 1933 watu walilipwa bei rasmi ya dola 20.67 kwa aunsi, kwamba tangu mwisho wa 1974 Mmarekani anamiliki dhahabu atakavyo, na kwamba alichokuwa akiniuzia hakikuwa adimu wala dhahabu. Zilikuwa sarafu za madini ya fedha, toleo la kigeni, aunsi moja moja, zilizochapwa juzi. Nilitoa fedha nikapewa fedha. Chekeni tu, mimi nimeshamaliza.

Dola 47 kila moja. Siku ile aunsi ya fedha sokoni ilikuwa kama dola 25. Sikuangalia! Mtu ninayebishana na wakala wa mizigo kwa senti tano za maili, sikufungua simu kuangalia bei ya fedha. Wakanipigia kurekodi "uthibitisho": unaelewa kwamba bei ina faida ya kampuni? Ndiyo. Unaelewa kwamba umesoma mkataba? Ndiyo. Nilikuwa nakula soseji.

Taarifa ya kwanza ya akaunti ilipokuja nilidhani wamekosea tarakimu. Sarafu 1,106, thamani dola 27,000 na ushehe. Nikapiga, kijana mpole hapatikani, amehamishiwa kitengo kingine. Novemba injini ikafa. Nikaomba wanunue tena 600. Wakanipa dola 22 kwa moja, jumla 13,200, na kwa kuwa nilitoa akiba ya kustaafu kabla ya kufikisha miaka 59 na nusu, mamlaka ya kodi ikachukua adhabu ya asilimia 10 ya pesa hiyo, mbali na kodi ya kawaida. Mama watoto hakusema neno. Alipika mchicha siku nne mfululizo.

Najua kuna mjuaji atakayekuja kuandika kwamba mwishoni mwa 2025 fedha ilipita dola 50, kwa hiyo ningevumilia. Mjuaji, piga hesabu: kwa pesa ile ile ningenunua sarafu za kawaida za dola 28 ningekuwa na zaidi ya 1,850. Soko lilipanda zaidi ya mara mbili, ndipo mimi nikafika nilipoanzia, kwa zile chache zilizobaki.

Na kinachoniuma zaidi: Septemba 2020, karibu mwaka mzima kabla sijasaini, CFTC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya bidhaa, pamoja na majimbo 30 walikuwa wameshafungua kesi mahakamani, hapa hapa Texas, dhidi ya wauzaji wengine wa mtindo huu huu, dola milioni 185, wengi wa waliolizwa ni wazee. Mtangazaji wangu, anayejua kila kashfa ya Washington, hilo hakulisikia. Labda mbwa alikuwa anabweka.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata dola moja, muulize muuzaji swali moja tu: leo hii, saa hii, nikitaka kukuuzia sarafu hii hii, utanipa ngapi? Ajibu kwa maandishi. Siyo "inategemea soko", namba. Akikuuzia 100 na kununua 95, mnaweza kuzungumza. Akianza hadithi za Roosevelt, kata simu. Ningeuliza swali hilo pale Amarillo ningekuwa na injini mbili.

Sijaacha uhafidhina, msiniletee wachungaji wa upande wa pili. Deni ni kweli, lilivuka trilioni 36 Novemba 2024 na linazidi kupanda, hata chama changu kikiwa Ikulu. Lakini deni kuwa kweli hakuifanyi sarafu ya dola 25 iwe na thamani ya 47. Kuhusu nani wa kumfuatilia, sikiliza wawili wasioiva chungu kimoja, Ben Shapiro na Tucker Carlson kwa mfano, wakigombana kuhusu Israel, utajifunza zaidi kuliko kwa mmoja anayekubaliana nawe. Mambo ya shule... nitarudi, napakiwa mzigo hapa.

Ila wewe mdogo wangu, weka hapa bei waliyokutajia kwa sarafu moja, uzito wake, na ni dhahabu au fedha. Na kama umewauliza lile swali, weka na walichojibu.