Lami na hewa ukaa: maswali manne kutoka kwenye mitambo na saiti

Mfadhili wa mradi ametuomba hesabu ya hewa ukaa. Mhasibu wetu amechukua tani zote za lami tulizonunua mwaka jana akazihesabu kama mafuta ya kuchoma. Yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, na kosa hilo litawaumiza. Kwa mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, tani moja ya lami ina nishati ya gigajouli 40.2, na kila gigajouli hubeba kilo 22 za kaboni. Hizo ni kilo 884 hivi za kaboni. Tani hiyo ingechomwa yote, kaboni hiyo ingeungana na oksijeni ya hewani na kutoa tani 3.24 za hewa ukaa. Lakini nani anachoma lami? Inamwagwa barabarani, na kaboni yake inabaki humo. Ndiyo maana mwongozo huohuo unaitoa kwenye hesabu ya mafuta yanayochomwa. Kama mlitumia tani 1,000, mhasibu ameandika tani 3,240 za hewa ukaa ambazo hazikutoka popote. Mwambieni aifute safu hiyo leo.

Basi tupime nini? (Huyohuyo)

Pimeni moto. Katika tani ya mchanganyiko wa lami ya moto, lami yenyewe ni kama kilo 50 tu. Zilizobaki ni kokoto na mchanga, na hizo lazima zikaushwe na kupashwa hadi kama nyuzi 160. Hapo ndipo dizeli inapokwenda, na kila lita ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Mtambo unaokunywa lita 7 kwa tani unatoa kilo 19 kwa kila tani.

Msitegemee risiti peke yake, kwa kuwa mafuta ya Desemba huchomwa Januari. Pimeni tangi kwa fimbo asubuhi kabla ya kuwasha na jioni baada ya kuzima, kisha mgawanye kwa tani zilizopita kwenye mizani. Jenereta na tingatinga viwe na daftari lao.

Tena naomba sana mwangalie lundo la mchanga. Kila asilimia 1 ya unyevu ni kilo 10 za maji ndani ya tani, na kuyageuza kuwa mvuke kunakula karibu lita 0.7 za dizeli, kabla hata ya kuhesabu joto linalopotelea kwenye bomba la moshi. Mvua ikipandisha unyevu kutoka asilimia 3 hadi 6, mtambo wa tani 500 kwa siku unachoma zaidi ya lita 1,000 za ziada, siku hiyo moja. Nimeona mitambo ya mabilioni ya shilingi ikikosa paa la mabati juu ya mchanga, na inaniuma kila mara. Ezekeni paa, na sakafu iwe na mteremko ili maji yatoke.

Sisi tunapiga praimu (tabaka la kwanza la kunyunyiza kabla ya lami) ya MC-30. Mafuta ya taa yaliyomo yanahesabika? (Supavaiza, Kitui)

Yanahesabika, ingawa wengi huyasahau. MC-30 ni lami iliyolainishwa kwa mafuta ya taa, ambayo yanaweza kukaribia nusu ya ujazo. Ukishanyunyiza, sehemu kubwa inapaa. Mvuke huo hauanzi kama hewa ukaa: kwanza unachangia ozoni ya chini inayokera mapafu, kisha kaboni yake huishia kuwa hewa ukaa. Lita 1,000 zenye lita 400 za mafuta ya taa, yakipaa yote, ni karibu tani 1 ya hewa ukaa. Mkandarasi akikubali, jaribuni emalsheni, yaani lami iliyochanganywa na maji, kwani kinachopaa humo zaidi ni maji.

Kijijini kwetu wanamwaga oili chafu barabarani kutuliza vumbi. Je, nayo si kama lami, kaboni inabaki chini? (Mama wa watoto wawili, Kibaha)

Mama, hapo kaboni si shida ya kwanza. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba metali na sumu, na mvua huipeleka kisimani. Huko Times Beach, jimbo la Missouri, Marekani, barabara za vumbi zilinyunyizwa mafuta taka miaka ya 1970. Yalikuwa na dioksini, kemikali yenye sumu kali. Mwaka 1983 serikali ilitangaza kuununua mji mzima, na wakazi zaidi ya 2,000 wakahama. Mwambie mwenyekiti wa kijiji oili hiyo ikusanywe kwenye mapipa yenye vifuniko na iuzwe kwa wasafishaji wenye kibali. Vumbi limwagiwe maji, na watoto wasicheze palipokwisha kumwagwa oili.