Dole gumba la mguu linauma nikikanyaga

SWALI: Shikamoo daktari. Nafundisha shule ya msingi Tanga, kutwa nimesimama. Dole gumba la mguu wa kulia linauma kila nikiinua kisigino, na juu ya kiungo pameota kinundu kigumu. Vidonge hutuliza, kesho yake yale yale. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nashuku kiungo kimekakamaa: gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, imelika, na mfupa umeota juu ya kiungo. Ukitembea, dole hutakiwa kupinda kwenda juu nyuzi kama 60. Lako linagota njiani. Jongo, ugonjwa mwingine wa viungo unaoshika dole hilo, huja kivingine: ghafla, mara nyingi usiku, dole jekundu na la moto, hata shuka haligusiki. Likiwa hivyo, muone daktari kwanza, mazoezi yasubiri.

Kaa, pandisha mguu juu ya goti. Mkono mmoja ubane unyayo nyuma ya kiungo, mwingine ushike dole pale pale kwenye shina, si kwenye ukucha. Livute taratibu kwa sekunde 10, kisha lipinde juu hadi likaze, lisiume. Rudia mara 10, asubuhi na jioni. Nyoosha pia shavu la mguu ukutani.

Viatu ndivyo watu hunibishia. Kandambili ziache bafuni, na vile vya mchuchumio vya mahafali pia. Chukua chenye soli ngumu na mbele pana. Kikikunjika dukani kama chapati, kirudishe.

Kinundu chenyewe mazoezi hayakiondoi. Maumivu yasipopungua baada ya wiki 6, kapige eksirei umesimama.