Neno la Kifaransa likishahama kwao

Wenzangu mnaoanza kutafsiri lugha za Ulaya, hasa ninyi mliotangulia kujua Kifaransa, kuna jambo liliniponza mapema.

Nilipewa mkataba wa kupanga nyumba, wa Kijerumani, wenye neno Parterre. Kwa Kifaransa parterre ni bustani ya maua, basi nikaandika kwamba mpangaji anapewa bustani. Kumbe Wajerumani huita hivyo ghorofa ya chini! Mhariri aliliona kabla kazi haijatoka. Kilichoniuma ni kwamba kamusi ilikuwa mezani, ila sikuifungua kwa kuwa neno nilidhani nalijua. Neno geni litakusukuma lenyewe kwenye kamusi. Lichunge zaidi lile ulilolizoea.

Maneno ya Kifaransa kama hili yalienea Ulaya kwa njia nyingi. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliozungumza Kifaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066. Mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa, Louis XIV, aliwanyima Waprotestanti uhuru wa kuabudu, na maelfu wakakimbilia Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, na kwingineko pamoja na ufundi wao. Baadaye mabwana wa Ulaya nzima walizungumza Kifaransa. Likishapata makazi, neno haliulizi tena Paris wanasemaje. Mjerumani humwita msusi Friseur. Mfaransa husema coiffeur. Regisseur wa Berlin ni mwongozaji wa filamu, ilhali régisseur wa Ufaransa husimamia vifaa na maandalizi ya jukwaa.

Mimi sasa nina daftari. Kila neno naliandikia lugha na pia mwaka wa maandishi nilipolikuta, maana wakati nao hubadilisha maana. Chukua magasin. Asili yake ni Kiarabu, makhazin, yaani maghala, mzizi uleule uliotupa sisi hazina. Kwa Wafaransa limekuwa duka, na Warusi wakalichukua hivyohivyo. Waingereza walikuwa nalo kwa maana ya ghala, hadi mwaka 1731 Edward Cave alipoanzisha London jarida aliloliita The Gentleman's Magazine, kama ghala la maandishi. Tangu hapo maana ya jarida ikashika. Mjerumani, kwa Magazin, anaweza kumaanisha ghala au jarida, kwa hiyo soma sentensi nzima kwanza.

Hata bajeti yetu ina safari hiyo. Bougette ya Kifaransa cha kale ilikuwa mfuko mdogo wa ngozi. Waingereza wakaichukua, wakaigeuza hesabu za serikali, kisha Wafaransa wakaipokea upya kama budget. Ukiikuta kwenye maandishi ya Kiingereza ya miaka ya 1500, andika mfuko.