Sayari ya moto: usimnunulie mwanao darubini

Dada yangu wa Lamu, umeuliza ununue darubini gani kijana wako aione ile sayari ya moto aliyoisoma, 51 Pegasi b, inayozunguka nyota nyingine, si Jua letu. Usinunue. Hakuna darubini ya dukani itakayomwonyesha. Hata wanaanga Michel Mayor na Didier Queloz, walioigundua 1995, hawakuiona; waliona nyota yake ikiyumba.

Mwonyeshe hivyo. Simameni uani, mshike mikono yote miwili, mzungushe. Yeye atakwenda duara kubwa, nawe visigino vyako vitasogea kidogo kidogo. Ndivyo sayari inavyoivuta nyota. Sayari hii iko karibu mno na nyota yake, inaizunguka kwa siku 4 na ushei tu (Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, hulizunguka kwa siku 88), ndiyo maana joto lake ni karibu nyuzi 1000.

Nyota yenyewe lakini mtaiona, na hilo litamfurahisha sana. Novemba, usiku usio na mwezi wala mawingu, baada ya isha, nendeni ufuoni Shela mbali na taa. Elekeeni kaskazini, mtazame juu, mtafute mraba mkubwa wa nyota 4. Nyota hiyo, 51 Pegasi, ni kinukta hafifu, nje kidogo ya upande wa kushoto. Azimeni darubini ya mikono kwa nahodha yeyote, inatosha. Mwanga atakaouona uliondoka huko miaka 50 hivi iliyopita.