Maswali ya Lugha: “Antebellum”

SWALI: Natafsiri makala ya historia ya Marekani na nimekutana na neno antebellum. Je, niandike “kabla ya vita” tu? Naweza pia kulitumia kwa Kalenga, ngome ya Chifu Mkwawa wa Wahehe, kabla ya Wajerumani? – Msomaji, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, asili yake ni Kilatini: ante ni kabla, bellum ni vita. Lakini kwa Wamarekani vita hivyo vinajulikana: ni vile vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865. Neno huelezea hasa majimbo ya kusini, mashamba yao ya pamba na majumba ya matajiri. Ukiandika “kabla ya vita” pekee, msomaji wako atafikiria Vita vya Pili vya Dunia. Taja vita kwa jina na miaka pale neno linapotokea mara ya kwanza. Baadaye “kabla ya vita” yatosha. Na usiyasifu majumba hayo ukawasahau waliotumikishwa: mwaka 1860 watumwa walikaribia milioni 4.

Kwa Kalenga, hapana. Andika “kabla ya Lugalo (1891)” au “kabla ya Kalenga kuanguka (1894)”, kwani hayo ni matukio mawili tofauti: Lugalo Wahehe waliwashinda Wajerumani, Kalenga Wajerumani waliiteka ngome. Mzee akikusimulia mambo ya “kabla ya vita”, muulize: vya Mkwawa, Maji Maji (1905–1907), vya 1914 au vya 1939? Asipokumbuka mwaka, ulizia fedha iliyotumika. Sarafu za heller za Wajerumani, zilizotupa neno “hela”, zilianza 1904, kwa hiyo akizitaja, zama za Mkwawa zilikuwa zimekwisha.