Watoto kwenye barafu ya ziwa: unene, jaketi na jiko la hemani

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina watoto wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 9, na ninakusudia kwenda nao kwa mara ya kwanza kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda. Nimesoma kwamba barafu ya sentimita 10 humbeba mtu mzima. Kwa kuwa watoto ni wepesi, je, unene huo si unatosha na kubaki? Je, kuna haja ya kuwavalisha majaketi ya kuokoa maisha ilhali wanatembea juu ya barafu ngumu? Na je, ni salama kuwasha jiko la gesi ndani ya hema ili mdogo asipate baridi?

JIBU: Ndugu msomaji, nashukuru kwamba umeuliza kabla ya safari. Katika kazi yangu ya kufundisha uokoaji kwenye maji yaliyoganda, swali hili la uzito wa mtoto hunijia mara kwa mara kutoka kwa wazazi makini, na ndilo ningependa kulijibu kwa kirefu.

Ni kweli kwamba sentimita 10 za barafu mpya, ngumu na angavu ndicho kiwango cha chini kinachotajwa mara nyingi kwa mtu mzima anayetembea kwa miguu. Hata hivyo, unapokuwa na mtoto, uzito wa kuupigia hesabu ni wa yule atakayemkimbilia. Barafu ikivunjika chini ya mtoto wa kilo 20, mzazi mwenye nguo nzito na buti atakwenda moja kwa moja mahali ambapo tayari pamedhihirika kuwa ni dhaifu. Isitoshe, mtoto hatulii pale ulipopima. Atafuata nyayo za ndege, atateleza kuelekea kwenye matete, atakwenda kuchungulia mwamba unaochomoza, na hizo ndizo sehemu ambazo barafu huwa nyembamba kuliko kwingine. Kwa sababu hiyo mimi huwashauri wazazi wasipeleke watoto juu ya barafu iliyo chini ya sentimita 15, na unene huo uwe umepimwa katika eneo lote watakalochezea, wala usiwe wa tundu moja tu la uvuvi.

Tofauti ya sentimita 5 inaweza kuonekana ndogo, lakini uwezo wa barafu kubeba mzigo huongezeka kwa mraba wa unene wake. Barafu ya sentimita 15 hubeba zaidi ya mara mbili ya ile ya sentimita 10, na kwa hesabu hiyohiyo barafu ya sentimita 5 hubeba robo tu ya ile ya 10. Hivyo mahali ambapo unene umepungua nusu, nguvu imepungua kwa robo tatu, na jicho halioni tofauti yoyote kwa juu.

Hesabu hizo zinahusu barafu angavu, ile inayoonekana kuwa na rangi ya samawati au nyeusi kwa sababu unayaona maji chini yake. Barafu nyeupe, ambayo hutokana na theluji iliyolowa na kuganda, ina mapovu ya hewa ndani yake na nguvu yake huhesabiwa kuwa nusu ya ile angavu, kwa hiyo huhitaji unene maradufu. Barafu ya kijivu ni ishara kwamba ina maji ndani yake; hiyo msiikanyage hata ikiwa nene. Theluji iliyolala juu ya ziwa nayo inahadaa, kwa kuwa huifunika barafu kama blanketi, ikaizuia isiendelee kuganda, na wakati huohuo ikaficha nyufa na rangi ambazo zingekuonya. Kaa mbali na mito inayoingia au kutoka ziwani, chemchemi za chini ya maji, sehemu nyembamba zenye mkondo, na nguzo za gati, ambazo hunyonya joto la jua na kuyeyusha barafu inayozizunguka.

Upimaji ufanywe na mtu mzima peke yake, watoto wakiwa wamebaki nchi kavu na mtu mwingine. Tembea ukitanguliza mtaimbo wenye ncha, ukigonga barafu mbele ya kila hatua. Mtaimbo ukipenya kwa pigo moja au mawili, rudi polepole ukifuata nyayo zako. Ukiwa umefika pazuri, toboa kwa keekee ya barafu, ingiza rula yenye kikulabu hadi ishike ukingo wa chini, usome unene; kisha rudia kila baada ya mita 40 hivi, na mara nyingi zaidi pale unapoona rangi au umbo la barafu limebadilika. Baada ya hapo pigilia vijiti vyenye bendera kuzunguka eneo ulilolipima, ili mtoto wa miaka 5, ambaye hajui kukadiria mita, aelewe kwamba mwisho wake ni bendera. Vipimo vya juzi visitumike leo, hasa ikiwa mvua au joto limepita katikati.

Msitumie gari juu ya barafu mnapokuwa na watoto. Tembeeni kwa miguu mkiachana, na mdogo akichoka avutwe kwenye sleji, yaani kitoroli kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, kwa kamba ndefu bila kufungwa humo. Usimbebe mgongoni, kwa maana ukitumbukia mtazama pamoja, na wewe ndiye uliyetarajiwa kumtoa.

Jambo ambalo hukuliuliza, lakini ambalo mimi nalipa uzito kuliko vifaa vyote, ni nani atakayewatazama watoto. Mvuvi huinamia tundu, macho yake yako kwenye kielea au ncha ya fimbo, na dakika kumi humpita bila yeye kujua. Kwa watoto wa umri wa wako, awepo mtu mzima asiyevua kabisa, ambaye mikono yake ni mitupu na kazi yake ni wao tu. Mnaweza kupokezana, lakini kupokezana huko kutamkwe kwa sauti ili asiwepo anayedhani mwenzake anaangalia. Kama wewe ndiye mtu mzima pekee, basi waache watoto wavue na wewe usivue.

Angalia kinachotokea samaki anaponasa. Mtoto mmoja hupiga kelele, mwingine anakuja mbio kutoka upande wa pili bila kutazama chini, na njiani yapo matundu mengine yaliyotobolewa asubuhi, ambayo sasa yamefunikwa na utando mwembamba wa barafu na theluji. Tundu la sentimita 25 humeza mguu wa mtoto hadi pajani, ukavunjika au ukalowa wote. Kwa hiyo tumieni keekee ndogo ya sentimita 15, kila tundu lisilotumika lifunikwe kwa ndoo iliyopinduliwa au lisimikwe kijiti kirefu kinachoonekana, na matundu makubwa ya kuvulia kwa chusa yasiwepo kabisa karibu na watoto. Wakati huohuo yule aliyenasa samaki amevua glavu, mshipi umelowa, naye ameuzungusha kiganjani ili auvute kwa nguvu. Samaki mkubwa akikurupuka, mshipi huo hukata ngozi. Mfundishe mapema kuuvuta mshipi kwa kupokeza mikono bila kuuzungushia vidole. Bana vinyoya vya ndoano zote, yaani vile vichomeo vya nyuma vinavyoizuia isitoke, kwa koleo ili ndoano ikimchoma itoke kirahisi, na miwani ivaliwe, kwani pamoja na kukinga macho dhidi ya ndoano hupunguza mwanga mkali unaoakisiwa na theluji. Keekee ya mota iendeshwe watoto wakiwa mbali, skafu na nywele ndefu zikiwa zimefungwa, na visu vyake vifunikwe mara tu kazi inapokwisha.

Kuhusu jaketi la kuokoa maisha, jibu langu ni ndiyo, tangu wanapokanyaga barafu hadi wanapoiacha. Chagua la sponji badala ya lile linalojazwa gesi, na ulijaribu nyumbani likiwa juu ya koti zito: mnyanyue mtoto kwa mabega ya jaketi, na kidevu au masikio yakipita shingoni, jaketi hilo ni kubwa mno. Kwa mdogo, liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu na mshikio nyuma ya shingo ambao mtu mzima anaweza kuushika kwa mkono mmoja.

Umuhimu wake unaonekana katika dakika ya kwanza. Mtu akitumbukia katika maji ya baridi kali, mwili humlazimisha kuvuta pumzi kwa nguvu na haraka, na kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, huvuta maji. Waokoaji huutaja mpangilio wa 1-10-1: takriban dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inatii, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu ya mwili kupoa. Makadirio hayo ni ya mtu mzima; mtoto hupoa haraka zaidi, kwa kuwa ngozi yake ni nyingi ikilinganishwa na uzito wake. Wa miaka 9 anaweza kufundishwa kugeuka kuelekea alikotoka, kupiga mateke hadi mwili uelee, kujivuta kwa vishikio vyenye ncha za chuma vinavyoning'inia kifuani, kisha kujiviringisha mbali na tundu bila kusimama. Mfanyisheni zoezi hilo sakafuni nyumbani, kwa vijiti visivyo na ncha. Wa miaka 5 usimtegemee kufanya lolote kati ya hayo. Jaketi na mtu mzima ndio kinga yake. Wote wawili wajue kwamba mwenzao akitumbukia hawamkaribii, bali wanapuliza filimbi na kulala chini.

Wewe nawe usikimbie. Piga simu au agiza mtu apige, kisha urushe kamba yenye kitanzi, au ulale kifudifudi na kumsogezea ngazi au fimbo ndefu. Akishatoka, mshughulikie kwa utaratibu akiwa amelazwa, mvue nguo zilizolowa, mfunike vikavu pamoja na kichwa, na usimsugue. Kinywaji cha uvuguvugu chenye sukari apewe tu akiwa macho na anameza vizuri. Kama hapumui, anza kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua, na usikate tamaa mapema, kwa sababu wapo watoto waliozama kwenye maji ya barafu kwa muda mrefu wakafufuliwa.

Sasa jiko la gesi. Linaweza kutumika kwa masharti, na nisingependa uyapunguze hata moja. Gesi inapoungua katika hewa haba hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtoto huathirika mapema kuliko mtu mzima kwa kuwa hupumua haraka. Hema liwe na matundu mawili ya hewa, moja chini na jingine juu, na yakaguliwe mara kwa mara kwani theluji na mvuke ulioganda huyaziba. Weka king'ora cha kaboni monoksidi chenye betri mpya. Majiko mengine hujizima oksijeni inapopungua, lakini kifaa hicho hakipimi kaboni monoksidi na hakichukui nafasi ya king'ora. Jiko lizimwe kabla ya yeyote kulala, hata usingizi wa mchana. Mtoto akilalamika kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu, au akisinzia isivyo kawaida, mtoeni nje kwanza na kumpeleka hospitali, badala ya kudhani ni uchovu.

Hata hivyo, joto la mtoto litoke kwanza kwenye mavazi: sufu au kitambaa cha sintetiki kugusa ngozi, kamwe si pamba, ambayo ikilowa hupoza mwili; vazi la nje lisilopitisha maji na upepo; buti zisizobana; na glavu za akiba, kwa sababu jozi ya kwanza italowa. Kagua pua, mashavu, masikio na vidole vyake kila baada ya muda mfupi. Ngozi iliyopauka, iliyogeuka kijivu au ngumu kama nta, na isiyohisi mguso, imeanza kuganda: ipashwe joto la mwili bila kusuguliwa. Mtoto anayetetemeka, anayejikwaa au anayezungumza kwa kuvuta maneno apelekwe ndani mara moja, na ikiwa alikuwa anatetemeka kisha akanyamaza na kutulia ghafla, hilo ni dharura ya kuitia msaada.

Kwa safari ya kwanza panga saa moja au mbili tu, mchana na karibu na ufuko, na ukubali tangu nyumbani kwamba mtaondoka mdogo atakaposema amechoka, hata kama samaki ndio wameanza kula.