Mama anatumia warfarini na amejikata na kisu

Dada yangu, mpe mama pole. Warfarini huchelewesha damu kuganda, ila mkato mdogo wa kidoleni kama huo wake mara nyingi hukoma kwa kubanwa tu. Uoshe kwa maji safi, weka kitambaa safi, kisha kandamiza kwa nguvu dakika 15 ukitazama saa, mkono ukiwa juu ya usawa wa moyo. Usifunue kuchungulia! Wengi hukosea hapo: ukifunua unabandua damu iliyokwisha kuanza kuganda, mnaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Majivu, kahawa, mafuta ya taa, msitie kabisa.

Dawa asiiache mpaka daktari wake aseme, maana bonge la damu likienda kwenye ubongo ni hatari kuliko kidonda hicho. Kwa maumivu anywe parasetamoli. Diklofenaki na aspirini asijinunulie dukani. Dakika 20 zikipita bado inatoka, au inaruka, nendeni hospitali na kadi yake ya kliniki. Na siku yoyote akijigonga kichwa, hata pasipo jeraha, msingoje nyumbani.